Vifaa vya Mtoto Bila Kumaliza Akiba: Shangazi Awajibu Wasomaji

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kumpatia mtoto anachohitaji bila wazazi kuingia kwenye madeni. Nimechagua chache ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine, na nimezifupisha bila kubadilisha maana.

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tunaishi Mbagala na tunatarajia mtoto wetu wa kwanza baada ya miezi mitatu. Tulikwenda Kariakoo kwenye duka la vifaa vya watoto, tukapewa orodha ndefu: kitanda, kigari, woka, beseni lenye kiti ndani yake, mashine ya kuchemshia chupa, na nguo dazeni tatu za mtoto mchanga. Jumla yake inazidi mishahara yetu ya miezi miwili. Mume wangu anataka tukope kwenye kikoba. Tununue nini na tuache nini? – Mama mtarajiwa, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na hongera. Nianze na mkopo: msikope. Fedha mnayotaka kukopa kwa ajili ya kitanda na kigari ndiyo fedha mtakayoihitaji ikiwa uchungu utakushika saa nane za usiku na usafiri pekee utakaopatikana ni teksi, au daktari akiamua kwamba ni lazima ufanyiwe upasuaji na ukae wodini siku kadhaa zaidi. Fungu hilo liwekeni pembeni kwanza, pamoja na fedha ya chakula chako cha wiki za mwanzo, kwa sababu mzazi asipokula vizuri hapati nafuu upesi, na mtoto anakutegemea wewe kabla ya kutegemea kitu chochote cha dukani. Kikoba kina kazi yake, lakini deni lenye riba linalolipwa wakati mama yuko likizo ya uzazi na matumizi ya nyumba yameongezeka huwaumiza watu wengi, na sipendi liwapate ninyi.

Baada ya hapo muulizeni mkunga wa kliniki yenu mnatakiwa kwenda hospitali na vitu gani. Orodha ya muuza duka imetungwa ili auze, ilhali ya mkunga inatokana na kile kinachotumika kweli wodini: khanga safi kadhaa, mpira wa kutandika, pamba, glovu, beseni, na nguo chache za mtoto pamoja na shali. Nguo ninasisitiza ziwe chache. Mtoto anayezaliwa na kilo 3 kwa kawaida hufikisha kilo 6 akiwa na takriban miezi mitano, na hukaribia kilo 9 anapotimiza mwaka, huku urefu wake ukitoka sentimita 50 hivi hadi kufikia 75. Maana yake ni kwamba nguo ya mtoto mchanga huvaliwa kwa wiki chache tu, na katika joto la Dar es Salaam nyingine hazivaliwi kabisa. Fulana sita, ovaroli nne, kofia mbili, jozi chache za soksi na mashali mawili vinatosha kuanzia, na mkiona hazitoshi, soko halihami.

Kitanda cha mtoto si lazima kiwepo siku ya kwanza. Kinachotakiwa ni mtoto alale chali, juu ya godoro gumu lililo lake peke yake, katika chumba mnacholala ninyi, bila mto, bila midoli na bila blanketi zito linaloweza kumfunika uso. Mkiamua kutengeneza kitanda, nendeni kwa mafundi seremala, kwa mfano wa Keko, mkiwa na vipimo vyenu mkononi. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usije ukapenya kichwa kikanasa. Godoro lijae ndani ya fremu, pembeni pasibaki nafasi ya kuingiza zaidi ya vidole viwili. Ubavu uwe juu ya godoro kwa angalau sentimita 50 pale mtoto atakapoanza kujivuta na kusimama. Fundi akipendekeza ubavu wa kupanda na kushuka, mkatalieni kwa heshima, kwani vitanda vya aina hiyo vilipigwa marufuku kuuzwa nchini Marekani mwaka 2011 baada ya watoto kunaswa na kufa kutokana na ubavu uliolegea. Mwambieni pia amalize kazi ya vanishi wiki kadhaa kabla ya mtoto kuzaliwa, ikauke na harufu iishe.

Chandarua msinunue kabla ya kuulizia kliniki. Tanzania Bara upo utaratibu wa kumpa mjamzito chandarua chenye dawa anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, na mtoto naye hupewa chake anapopata chanjo ya surua akiwa na miezi tisa. Vile vyandarua vidogo vya mwamvuli vinavyouzwa na vitanda vya watoto vinapendeza, lakini vingi havina dawa.

Mashine ya kuchemshia chupa iacheni kabisa. Sufuria safi yenye mfuniko na maji yanayotokota hufanya kazi hiyohiyo, na mtoto anayenyonya titi hana haja ya chupa. Beseni lenye kiti nalo halina kazi ambayo mkono wa mama na beseni la kawaida lililotengwa kwa ajili ya mtoto haviwezi kuifanya. Kigari kitawafaa iwapo mna njia ya lami au vibamba vya kupitia. Kwenye mchanga na madimbwi mtakibeba kigari na mtoto pia, kwa hiyo nunueni mbeleko nzuri au tumieni khanga imara. Kuhusu woka, yaani kile kiti cha magurudumu anachowekwa mtoto ati ajifunze kutembea, someni jibu langu kwa mama wa Dodoma hapa chini.

Liko jambo moja ambalo vijana huona haya kulifanya. Ndugu na majirani watakaokuja kukuona watauliza walete nini, na ninyi mtajibu kwamba chochote kinafaa, kisha mtaletewa seti saba za nguo za mtoto mchanga. Mteueni shangazi au dada mmoja awe ndiye wa kuulizwa, naye aseme wazi: huyu alete pampasi za saizi inayofuata, yule nguo za miezi sita kwenda juu, wengine wachangishane wanunue godoro. Kwa desturi zetu mtu anayekuja kumtazama mzazi anataka kusaidia, na kumwambia kinachohitajika ni kumheshimu.

*Shangazi, mtoto wetu ana miezi miwili. Duka la jirani linauza pampasi moja moja kwa shilingi 500, nasi tunatumia nane kwa siku. Sokoni nimeona pakiti ya pampasi 50 kwa shilingi 17,500. Mama yangu anasema tuache hizo zote tutumie nepi za kitambaa kama yeye alivyotulea, lakini maji tunanunua kwa dumu, shilingi 300. Kipi ni nafuu kweli? – Baba wa mmoja, Morogoro*

Nimefurahi kwamba baba ndiye aliyekaa kupiga hesabu, na kwamba umeyaingiza maji ndani yake, kwa sababu wengi wanaosifu nepi za kitambaa huyasahau. Kwa bei ya duka la jirani unatumia shilingi 4,000 kwa siku, ambazo kwa mwezi ni 120,000. Kwa bei ya pakiti kila pampasi ni shilingi 350, yaani 2,800 kwa siku na 84,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kununua moja moja kunakugharimu shilingi 36,000 za ziada kila mwezi kwa bidhaa ileile. Kama tatizo ni kupata shilingi 17,500 kwa mkupuo, anza kuweka kidogokidogo kwa ajili ya pakiti ya kwanza. Ukishaivuka hiyo, unachookoa kitanunua zinazofuata.

Sasa nepi. Ushauri wangu ni kuchanganya. Tumia kitambaa mchana mkiwa nyumbani, na pampasi mbili kwa siku, moja ya usiku na moja ya safari au kliniki. Pampasi mbili kwa bei ya pakiti ni shilingi 700 kwa siku, sawa na 21,000 kwa mwezi. Ukiweka madumu mawili ya maji kwa siku kwa ajili ya kufulia, ni shilingi 18,000 kwa mwezi, na tukikadiria sabuni kwa 10,000, jumla ni 49,000. Umebakiza shilingi 35,000 ukilinganisha na kutumia pampasi tupu za pakiti, ingawa mwezi wa kwanza utatoa fedha za kununua nepi zenyewe, na dazeni mbili zinatosha. Nyumba yenye maji ya bomba au kisima itaokoa zaidi. Nyumba inayonunua dumu kwa shilingi 1,000 wakati wa kiangazi haitaokoa chochote, na hapo mama yako asione mmeupuuza ushauri wake.

Lakini hesabu hiyo haijamlipa anayefua. Mkeo ana miezi miwili tangu ajifungue, analala vipande vipande, na nepi kumi na zaidi kila siku ni kazi ya mgongo na mikono. Ikiwa nepi zitaokoa fedha ya nyumba kwa kumchosha yeye peke yake, basi zinakuwa ghali. Fua wewe asubuhi kabla ya kwenda kazini, au mfue kwa zamu. Choo kigumu kitolewe kwanza, nepi isuuzwe, ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, isuuzwe tena mpaka povu liishe, kisha ianikwe juani. Msitumie dawa ya kulainisha nguo, kwani hupunguza uwezo wa kitambaa kunyonya, na sabuni iliyobaki ndani ya kitambaa huweza kumchubua mtoto. Nepi iliyolowa ibadilishwe mara moja, kwani haifichi unyevu kama pampasi ifanyavyo.

Neno la mwisho kuhusu pampasi: saizi zinafuata uzito, na uzito wa mtoto umeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Msirundike pakiti za saizi moja kwa sababu mmekuta punguzo, maana mtoto wa umri huo huongezeka upesi, na msinunue nyingi za aina mpya kabla ya kujaribu chache mkaona kama ngozi yake inaikubali.

*Bi Shangazi, shikamoo. Mimi huuza nguo za watoto sokoni Kongowea, Mombasa. Naomba uwaambie kina mama wasije mwisho wa mwezi wakati kila mtu ana mshahara na bei haishuki. Waje katikati ya mwezi, asubuhi ya siku tunapofungua robota la mitumba, watapata kamera, yaani zile nguo bora zinazochaguliwa kwanza. Asiyeweza kununua kamera aje jioni kwa fagia, yaani mabaki ya bei ya chini, kwa maana nguo za watoto wachanga hata zikiwa za fagia huwa hazijachakaa. – Muuzaji, Kongowea*

Marahaba, na ahsante kwa kutufumbulia siri ya biashara yako kwa moyo mweupe. Unachosema kuhusu nguo za watoto wachanga ni kweli kabisa: mtoto asiyetambaa hachakazi nguo, kwa hiyo mtumba wa mtoto wa miezi mitatu mara nyingi ni karibu na mpya, ilhali suruali ya mtoto wa miaka miwili inafika sokoni magoti yakiwa yameisha. Mzazi mwenye fedha kidogo azitumie kwenye nguo nzuri za anayetembea, na kwa mchanga achukue za bei ya chini bila wasiwasi.

Nitaongeza machache kwa wanunuzi. Namba kama 56, 62, 68 au 74 kwenye nguo zitokazo Ulaya ni urefu wa mtoto kwa sentimita, kwa hiyo mpime mtoto wako kwa utepe kabla ya kutoka nyumbani, uache kukisia kwa umri. Kagua vifungo na zipu, maana kifungo kilicholegea huishia mdomoni, na ng'oa kamba zozote za shingoni. Nguo za ndani zinunuliwe mpya. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku mitumba ya nguo za ndani, na chupi mpya za mtoto si ghali. Viatu havihitajiki mpaka mtoto aanze kutembea nje, na hapo asivalishwe vilivyokwisha kukunjika kwa mguu wa mwingine.

Zote zifuliwe kabla ya kuvaliwa, kisha zipigwe pasi ya moto hadi kwenye mishono na mipindo. Pasi ninaitaja kwa msisitizo, na hata kwa nguo mpya na nepi za kila siku, kwa sababu yuko nzi katika maeneo yetu anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au chini, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto na kumletea majipu yenye maumivu makali. Moto wa pasi huyaua mayai hayo. Mahali ambapo umeme ni wa shida, pasi ya mkaa inatosha.

*Shangazi, nilimwazima wifi yangu kitanda cha mtoto na kigari. Mtoto wake sasa ana miaka minne, nami nina mimba ya pili. Nilipoulizia, nikaambiwa kitanda alipewa jirani, na kigari kimevunjika gurudumu. Nisemeje bila kuvunja undugu? Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. – Mwenye uchungu, Tanga*

Pole sana, dada. Yaliyopita mwambie mumeo ayazungumze na dada yake, kwa kuwa ni nduguye, naye ataweza kusema neno ambalo likitoka kwako litaonekana ni ugomvi wa mawifi. Aombe jambo linalowezekana: kitanda kirudishwe kutoka kwa huyo jirani kama mtoto wa huko amekua, na gurudumu litengenezwe kwa gharama ya pamoja. Fundi baiskeli mzuri huweza kulitengeneza, mradi breki na kile kikazio cha kuzuia kigari kisijikunje chenyewe viwe vizima. Vikiwa vibovu, kigari hicho kisitumike tena.

Kwa siku zijazo ninakuomba usiache kuazimana kwa sababu ya tukio hili. Kitanda kimoja kizuri kinaweza kulaza watoto wa ukoo mzima mmoja baada ya mwingine, na hakuna punguzo la dukani linaloshinda hilo. Kinachoharibu ni ukimya. Unapotoa kitu, sema siku hiyohiyo kama ni cha kuazima au ni zawadi, sema utakihitaji lini, na andika ujumbe mfupi kwenye simu unaotaja kitu na hali yake. Anayeazima asikipeleke kwa mtu wa tatu bila ruhusa, na kikimvunjikia akitengeneze. Kwa vitu vidogo kama nguo, mashali na mabeseni, vitoe moja kwa moja na usivihesabu tena.

*Shangazi, kaka yangu anarudi nyumbani kutoka Uingereza na anataka kuniachia kiti cha gari cha mtoto wake. Wengine wananiambia kiti cha gari hakinunuliwi wala kupokewa kikiwa kimetumika. Nifanyeje? – Baba, Arusha*

Kipokee, mradi kaka yako ajibu mambo haya kwa uhakika. Je, kiti hicho kiliwahi kuwa ndani ya gari lililogongwa? Kama ndiyo, hakifai tena hata kama hakina ufa unaoonekana. Je, mikanda, kifungio na kitambaa chake vyote ni vya asili na vizima? Je, kilitengenezwa lini? Tarehe hupigwa chapa kwenye plastiki, upande wa chini au wa nyuma, na watengenezaji wengi huweka ukomo wa matumizi wa kati ya miaka 6 na 10, kwani plastiki hudhoofika kwa umri na joto. Tazama pia kibandiko cha rangi ya machungwa chenye herufi E ndani ya duara. Kitaonyesha kama kiti kilipimwa kwa kiwango cha usalama cha R44 au R129. R129 ndicho kipya zaidi, kilianza kutumika mwaka 2013, na kinataka mtoto asafiri akiwa ameelekea nyuma hadi atimize angalau miezi 15.

Wanaokuonya wana haki kwa kiti cha sokoni ambacho hakuna anayejua kilikotoka. Hicho usikinunue kwa bei yoyote. Ni moja ya vitu vichache ambavyo ningependa mzazi mwenye gari avitolee fedha ya kipya, ikiwa hana ndugu wa kumwamini. Ukishakipata, kifunge kiti cha nyuma cha gari. Kiti kinachomwelekeza mtoto nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu ukifumuka humpiga mtoto kichwani kwa nguvu ya kuua.

*Shikamoo Shangazi. Mama mkwe ametuletea woka kwa ajili ya mtoto wetu wa miezi saba. Nesi alisema hazifai. Sitaki kumvunjia heshima mama, maana ametumia fedha yake. – Mama, Dodoma*

Marahaba. Nesi wako amesema kweli. Woka haimfundishi mtoto kutembea. Humchelewesha, kwa kuwa anasukuma kwa vidole akiwa amening'inia badala ya kutambaa, kujivuta na kusimama kwa nguvu zake. Hatari yake kubwa ni mwendo. Mtoto wa miezi saba asiyejua hatari anapewa magurudumu, na kabla mama hajageuka ameshafika kwenye ngazi, kwenye jiko la mkaa, au kwenye kitambaa cha meza chenye chupa ya chai juu yake. Canada ilipiga marufuku kuuza woka mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha hayo.

Mwendee mama mkwe pamoja na mumeo. Mshukuruni kwanza kwa dhati, kisha mwambieni maneno ya nesi kama yalivyo, bila kuyapamba, na mwombeni ruhusa ya kuirudisha dukani kubadilisha na kitu kingine atakachokichagua yeye: mkeka mpana wa kuchezea, kiti imara cha kulia chenye mkanda, au godoro. Akichagua mwenyewe, zawadi inabaki ya kwake. Ikiwa duka halibadilishi, ihifadhini isitumike, wala msiiuze kwa mama mwingine.

Kwa michezo mtoto wa umri huo anatosheka na kijiko cha mbao, vikombe vya plastiki vya ukubwa tofauti na sufuria nyepesi. Midoli ya bei rahisi inayoimba na kuwaka taa iangalieni mahali pa betri. Zile betri ndogo za duara zikimezwa huweza kuunguza koo la mtoto ndani ya saa mbili, kwa hiyo kifuniko kisichofungwa kwa skrubu ni sababu tosha ya kuukataa mdoli.

*Shangazi, ninafanya kazi ofisini Nairobi na likizo yangu ya uzazi inakaribia kuisha. Mtoto ana miezi mitatu. Maziwa ya kopo yatanimaliza. Rafiki yangu ananiuzia pampu yake ya umeme ya kukamulia, na mama anasema nipunguze vijiko vya unga wa maziwa au nianze kumpa uji mapema. Ninaomba ushauri wako kabla sijarudi kazini.*

Umefanya vizuri kuuliza mapema. La vijiko nalijibu kwanza kwa sababu linagusa uhai wa mtoto: usipunguze unga wa maziwa hata siku moja. Mtoto anayepewa maziwa yaliyozimuliwa hushiba maji na kukosa chakula, na huweza kudhoofika sana kabla hujagundua. Anayelazimika kutumia kopo afuate kipimo kilichoandikwa, na maji yawe yamechemshwa na kuachwa kwa muda usiozidi nusu saa, ili yabaki na joto la kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga, kisha maziwa yapozwe vizuri kabla ya kumpa mtoto.

Njia iliyo nafuu kuliko zote unayo tayari. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa, kwa hiyo nenda kwa ofisi ya rasilimali watu kabla likizo haijaisha, uulize pako ni wapi. Wasomaji wangu wa Tanzania nao wajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya kurudi kazini anaruhusiwa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Haki hizi zina thamani ya makopo mengi ya maziwa, na nasikitika kwamba kina mama wengi hawazidai.

Pampu ya rafiki yako usiinunue. Katika pampu nyingi maziwa huweza kupenya hadi ndani ya mota, mahali pasipoweza kusafishwa. Jifunze kukamua kwa mkono. Muuguzi wa kliniki atakuonyesha, na unachohitaji ni mikono iliyonawiwa kwa sabuni na chombo chenye mfuniko kilichochemshwa. Anza wiki mbili kabla ya kurudi kazini ili mkono uzoee. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne mahali penye joto la nyuzi 25 au chini ya hapo, na hadi siku nne kwenye jokofu. Kwenye kikasha cha baridi chenye vipande vya barafu hukaa siku nzima, na hicho ndicho kitakachokufaa njiani kurudi nyumbani. Dada anayemlea mtoto afundishwe kumnywesha kwa kikombe kidogo safi, polepole, mtoto akiwa ameketishwa. Kikombe husafishika kwa urahisi kuliko chupa na chuchu, hakihitaji vifaa vingine, na mtoto hachanganyikiwi anaporudi kwenye titi jioni.

Uji usubiri hadi atimize miezi sita. Mweleze mama kwa upole kwamba kliniki ndivyo inavyoelekeza, na mwombe aanze kukutayarishia unga wa lishe wakati huo ukikaribia, asage kidogokidogo ili usikae ukaingia uvundo, maana akifika umri huo mtoto atakula vijiko vichache tu kwa siku huku akiendelea kunyonya.